Vipande vya matumbawe vinauzwa Ulaya, sisi wa Pwani tubaki na nini?

Mpwa wangu anayeishi Uholanzi alinitumia video mwezi uliopita. Sebuleni kwake, kando ya televisheni, ana tangi kubwa la kioo lililojaa maji ya chumvi. Juu yake pana taa ya buluu, na ndani matumbawe yamestawi mpaka samaki hawana pa kupita. "Mjomba, yamezidi haya, lazima niyapunguze," anasema huku akicheka. Akatia mkono, akatoa shina moja la matawi, akalikata kwa koleo, akagandisha kila kipande kwa gundi juu ya kijiwe kidogo kama kifungo cha koti, akavirudisha majini. Jioni ile alikata vipande 8. Viwili akampa jirani, 6 akaviuza, kila kimoja yuro 25, yaani karibu shilingi 3,500 za kwetu.

Nikamuuliza shina lenyewe lilitoka bahari gani. Akaniambia alilinunua dukani miaka minne iliyopita na muuzaji alimwambia ni la Indonesia. Zaidi ya hapo hajui.

Jibu hilo halijanitoka. Kazi anayoifanya mpwa wangu kwa kujifurahisha ndiyo hiyo hiyo inayofanywa na vijana na akina mama wa kisiwa cha Wasini kwa jasho, wakijaribu kurudishia uhai miamba iliyokufa. Mmoja anakata kwa sababu matumbawe yamemzidi, mwingine anakata kwa sababu yamekwisha. Katikati yao pana biashara ya dunia nzima, na pana maswali ambayo sisi watu wa mwambao inatupasa tuyajibu mapema, kabla mtu hajaja na mkataba mkononi.

Ni kama pingili za muhogo

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Tumbawe si jiwe wala si mmea. Ni mkusanyiko wa wanyama wadogo sana, kila mmoja na mdomo wake na minyiri yake, wanaojenga pamoja mifupa ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wake. Ndiyo maana tumbawe linataka maji maangavu.

Kwa kuwa kila mnyama mdogo katika shina ni pacha wa mwenzake, ukilikata tumbawe kipande hakifi. Kikipata mahali pa kushika na maji mazuri, kidonda hupona, kinaota na kuwa shina jipya. Anayepanda muhogo anaijua siri hii. Hatafuti mbegu, anakata pingili kutoka shina lililostawi na kuzichomeka ardhini.

Wenye matangi ya nyumbani wana sababu nzuri ya kukata. Tumbawe la matawi likitunzwa vizuri laweza kuongeza sentimita 10 hivi kwa mwaka. Tangi lina mipaka. Shina likipanuka linamfunika jirani yake, linaziba maji yasizunguke, na usiku hutoa minyiri ya kuchoma kila lililo karibu. Matumbawe hupigania nafasi, na asiyeingilia kati hubaki na mshindi mmoja na maiti kadhaa.

Namna ya kukata hutegemea aina. Ya matawi hukatwa kwa koleo kama la daktari wa mifupa. Yale magumu ya duara hupasuliwa kwa msumeno wenye makali ya almasi, huku ukimwagiwa maji usipate moto. Yale laini yasiyo na mifupa hukatwa kwa wembe. Kipande huoshwa kwa dawa, mara nyingi yenye aiodini, kikagandishwa kwa gundi ya aina ya supaglu ambayo hukauka hata ndani ya maji. Baadaye huwekwa mahali penye mwanga wa wastani mpaka kipone. Glavu na miwani ni lazima, kwa sababu jamaa mmoja wa matumbawe, anayefanana na vifungo vya rangi rangi, baadhi ya aina zake hubeba palitoksini, sumu kali sana. Wapo waliolazwa hospitali kwa kuchemsha tu jiwe lenye wanyama hao na kuvuta mvuke wake.

Kutoka tangini hadi baharini

Huenda msomaji akauliza, haya ya sebule za Wazungu yatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu ufundi wa kupanda matumbawe baharini umechukua mengi kutoka kwa watu wa matangi.

Ken Nedimyer wa Florida, Marekani, alikuwa mvuvi wa samaki wa mapambo na mfugaji wa mawe hai, yale mawe yenye viumbe ambayo watu huyaweka katika matangi yao. Matumbawe ya pembe za paa yakajiotea yenyewe juu ya mawe aliyoyatumbukiza baharini. Yeye na binti yake wakaanza kuyakata na kuyazidisha, na mwaka 2007 akaanzisha shirika la kurudishia miamba ya Florida. Vile vitalu vinavyofanana na mti, bomba la plastiki lenye matawi yanayoning'inizwa vipande vya matumbawe, vilienea duniani kutoka huko.

Mwanasayansi David Vaughan, wa maabara ya Mote huko huko Florida, naye alivunja tumbawe kwa bahati mbaya alipokuwa akilihamisha ndani ya tangi. Akadhani vile vibaki vidogo vitakufa. Baada ya muda mfupi akakuta vimeota kwa kasi ambayo hakuwahi kuiona. Tangu hapo ikaeleweka kwamba tumbawe gumu la duara, ambalo kwa kawaida hukua taratibu mno, likikatwa vipande vya ukubwa wa ukucha hukimbilia kuziba nafasi. Vipande vya shina moja vikipandwa karibu karibu hutambuana na kuungana tena.

Hapa kwetu ufundi huo umefika. Wanakijiji wa Wasini na Mkwiro, kupitia BMU zao, wamepanda matumbawe katika mkondo wa Shimoni, wakisaidiwa na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI) na pia shirika la REEFolution lenye asili ya Uholanzi. Vitalu vya mabomba vinaning'inia chini ya maji, na vipande vikikomaa hupandwa juu ya miamba ya kutengenezwa. Watu ambao wazazi wao walikuwa wakilivunja tumbawe ili wachome chokaa leo wanalifunga kwa uzi na kulisafisha kwa mswaki. Mabadiliko hayo yanastahili heshima.

Faida inamwendea nani?

Sasa turudi kwenye yuro 25 za mpwa wangu.

Matumbawe magumu yote yamo katika Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Maana yake biashara inaruhusiwa lakini kwa kibali, na kibali lazima kionyeshe kama tumbawe lilitolewa baharini moja kwa moja au limekuzwa na watu. Kwa miaka mingi Indonesia ndiyo iliyokuwa muuzaji mkubwa kuliko wote. Mwaka 2018 ilisimamisha usafirishaji nje wa matumbawe, na karibu miaka miwili baadaye ikaufungua tena kwa yale yaliyokuzwa na watu. Fiji nayo ilifunga biashara hiyo mwishoni mwa 2017.

Kipindi hicho bei zilipanda Ulaya na Marekani, lakini wenye matangi hawakukosa matumbawe. Walikata waliyokuwa nayo. Waliokuwa wakikata kwa kuwa tangi limejaa wakageuka wakulima. Leo yapo matumbawe huko ambayo yamekatwa vizazi hata vizazi, yakapewa majina ya kibiashara, na kipande cha ukubwa wa kidole kikauzwa bei ya mbuzi. Bahari lilikotoka shina la kwanza ililipwa mara moja tu, na aliyelipwa kidogo kuliko wote ni mzamiaji aliyeling'oa.

Kwa upande mmoja jambo hili ni la heri. Kila kipande kinachokatwa sebuleni ni kipande ambacho hakikung'olewa mwambani. Mtu anayependa bahari hawezi kulilaumu. Kwa upande wa pili linatufundisha hesabu ya biashara hii: anayeuza shina hai hauzi samaki wa kuliwa akaisha. Anauza kiwanda kizima, kwa bei ya bidhaa moja.

Wapo watakaosema kuna sheria ya kugawana faida. Ni kweli, Itifaki ya Nagoya iliyopitishwa Japani mwaka 2010, na ambayo Kenya ni mwanachama, inataka nchi chanzo ipate sehemu yake. Lakini itifaki hiyo inahusu utafiti na utengenezaji unaotokana na vinasaba vya kiumbe, kwa mfano dawa. Mtu anayekata tumbawe sebuleni na kumuuzia jirani haiguswi biashara yake. Tusijidanganye kwamba kuna hundi inayokuja.

Funzo la mwani

Kabla hatujalia kwamba tumeibiwa, tuwe waadilifu. Sisi wenyewe tumekula matunda ya pingili za wengine.

Mwani unaolimwa mwambao huu pia hupandwa kwa vipande. Unakata, unafunga kwenye kamba, unasubiri bamvua, unavuna, unabakiza mbegu ya kufunga tena. Kilimo hicho kilianza Zanzibar mwaka 1989 kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na hakuna mama wa Paje aliyewahi kuilipa Ufilipino ada ya pingili. Baadaye kilimo kikafika kwetu Kwale, na akina mama wa Kibuyuni wanajulikana kwacho.

Kwa hivyo kupata pingili hakujawahi kuwa tatizo. Tuulize waliolima mwani tatizo lao ni lipi. Watakwambia bei. Mwani hukaushwa, hutiwa guniani na kusafirishwa, na anayeutengeneza kuwa bidhaa yuko mbali. Mkulima hana nguvu ya kupanga bei kwa sababu wanunuzi ni wachache na kila mtu analeta kitu kile kile. Akina mama waliojifunza kutengeneza sabuni na mafuta ya mwani wamepata angaa kiasi cha kujitegemea.

Funzo la pili ni la joto. Aina ya mwani yenye bei nzuri, ile inayoitwa kotoni, imekuwa ikifa Zanzibar katika maji ya kina kifupi kadiri bahari inavyopata moto. Wakulima wengi wakabaki na ile ya bei ya chini. Vipande vyote vya mbegu moja vina udhaifu mmoja. Mwenye shamba la muhogo aliyewahi kuvamiwa na batobato anajua: ukichukua pingili zenye ugonjwa kwa jirani, umelipanda shamba zima ugonjwa.

Matumbawe ni hivyo hivyo. Vipande 1,000 vilivyokatwa kwenye shina moja si matumbawe 1,000 mbele ya ugonjwa au joto. Ni tumbawe moja lililotawanyika. Baharini matumbawe huwa na siku zao za kumwaga mayai na mbegu kwa pamoja, vikachanganyika, na watoto wakatofautiana. Baadhi yao huenda wakahimili yale yaliyowashinda wazazi. Mkasi hauwezi kufanya kazi hiyo.

Joto halijui kitalu

Hapa ndipo penye jambo zito, na ndipo wengi wanaopiga picha za vitalu wanapopita haraka.

Mwaka 1998 joto la El Niño liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu. Wavuvi waliokuwa vijana wakati ule wanakumbuka miamba iliyogeuka myeupe kama chumvi, kisha ikafunikwa na mwani. Aprili 2024 wataalamu walitangaza kwamba dunia imeingia katika wimbi la nne la matumbawe kupauka, na magharibi mwa Bahari ya Hindi hatukusalimika. Utafiti ulioongozwa na David Obura wa CORDIO hapa Mombasa, uliochapishwa Desemba 2021, ulionya kwamba miamba yote ya ukanda huu, kuanzia kwetu mpaka Afrika Kusini na visiwani, imo hatarini kuporomoka ndani ya miaka 50. Sababu kuu mbili ni joto na uvuvi uliopita kiasi.

Tazama yaliyowapata walimu wa ufundi huu. Julai 2023 kipimo kimoja katika ghuba ya kina kifupi Florida kilionyesha maji yamepita nyuzi 38 za Selsiasi. Watu walikimbiza maelfu ya vipande kutoka vitaluni na kuvitia kwenye matangi ya nchi kavu. Mwaka 2025 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba, katika sehemu kubwa ya mwamba wa Florida, aina mbili zilizokuwa zikipandwa kuliko zote zilikufa kwa asilimia 98 hadi 100. Kazi ya miaka mingi ilikwenda katika kiangazi kimoja. Miongoni mwa yaliyosalimika ni yale yaliyokuwa matangini, kama ya mpwa wangu.

Sisemi haya ili nivunje watu wa Wasini moyo. Kitalu kina faida yake. Kinarudisha samaki mahali palipovunjwa na nanga, kinafundisha vijana, kinavuta wageni. Lakini kitalu hakiwezi kufidia maji machafu ya hoteli yanayomwagwa baharini, wala juya linalokwangua chini ingawa limepigwa marufuku, wala moshi wa viwanda vya mataifa makubwa. Mwanasiasa akija kupanda vipande 10 mbele ya kamera, muulize majitaka ya mji wake yanakwenda wapi.

Tutake nini basi?

Siku si nyingi, naamini, atakuja mtu Kilifi au Kwale na wazo la shamba la matumbawe ya kuuza nje. Soko lipo, ndege zinazobeba samaki wetu wa mapambo zipo, na vijana wetu wanahitaji kazi. Sioni haja ya kumfukuza. Lakini asikutane na kijiji kisichojua thamani ya alichokuja kuchukua. Haya manne ndiyo ningependa BMU zetu, serikali za kaunti, KMFRI na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) wayasimamie.

Kwanza, shina lisiondoke. Kinachouzwa kiwe kipande kilichokatwa kutoka kipande kilichokulia kitaluni. Shina mama libaki baharini, lihesabiwe, liandikwe lilipo na siku lilipokatwa. Ndani ya hifadhi za taifa kama Kisite, Watamu na Malindi, pasiguswe kabisa kwa biashara.

Pili, tusiuze kile ambacho mnunuzi anaweza kukikata mwenyewe bila sisi kubaki na kitu kingine. Kipande kitakwenda na kitazaliana huko, hilo hatuwezi kulizuia. Kinachobaki ni ujuzi, mishahara ya wapiga mbizi waliosomeshwa, na wageni wanaolipa kuja kuona na kujifunza kazi ikifanywa. Mkataba usio na mafunzo na ajira ya kudumu ni wa kuuza shina la muhogo kwa bei ya kiazi.

Tatu, mashina mama yawe mengi na ya mahali tofauti. Yale yaliyopona mwaka 2024 wakati majirani zao wamepauka ndiyo ya kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu huenda yana ustahimilivu ambao wengine hawana. Na tusiyamalize kwa kuyakata.

Nne, sehemu ya mapato irudi mwambani kwa jina na kwa hesabu. Kuruwitu walifunga kipande cha bahari yao kwa hiari, tangu miaka ya 2000, na samaki wakarudi bila mtu kupanda hata tumbawe moja kwanza. Ulinzi ni rahisi kuliko upanzi, na unahitaji mafuta ya boti na posho ya mlinzi. Shamba lolote la matumbawe lilipie ulinzi huo.

Nilimwandikia mpwa wangu nikampongeza kwa mikono yake mizuri, kisha nikamwomba jambo moja: kila anayempa kipande amwambie kimetoka bahari gani. Akanijibu, "Sawa mjomba, lakini mimi mwenyewe nina neno moja tu, Indonesia. Kisiwa gani, kijiji gani, sijui."

Siku mtu wa Rotterdam atakapokuwa na tumbawe la kwetu tangini, nataka aweze kusema zaidi ya neno moja. Aseme Mkwiro, na awe na karatasi inayoonyesha Mkwiro walipata nini.